Gari la Mkulima Lililovaa Magwanda

Ndugu msikilizaji, Jumamosi iliyopita mvua ilinikamata Makambako. Basi nililotoka nalo Mbeya lilinishusha pale njia panda, na kabla sijapata usafiri wa kunipandisha Njombe wingu likafunguka, maana mvua ya nyanda hizi haipigi hodi. Nikakimbilia chini ya bati la gereji moja upande wa stesheni ya TAZARA, mkoba wa kinasa sauti nimeukumbatia kama mtoto.

Gerejini mlikuwa na gari moja tu, limeinuliwa juu ya magogo. Ni Land Rover 109, nyeupe, iliyopakwa rangi kwa brashi ya nyumba. Penye mikwaruzo ya mlango kijani cha jeshi kilikuwa kinachungulia chini ya ule weupe. Miguu miwili ya mtu ilitokeza uvunguni.

Nikasalimu, "Kamwene." Sauti ikajibu, "Kamwene," kisha akajitokeza mzee wa miaka inayokaribia sabini, mikono imejaa grisi hadi viwikoni. Nikampa shikamoo yake.

"Marahaba, mwanangu. Sauti hiyo naijua. Wewe ni mtu wa redio. Basi njoo humu nikuoneshe ndugu yako."

Akanionesha. Juu ya madigadi ya mbele palikuwa na matundu yaliyozibwa kwa bati, ambapo zamani zilisimama antena. Nyuma ya viti palikuwa na alama za meza ya chuma iliyong'olewa. Betri zilikuwa mbili, za volti 12 kila moja, zimeunganishwa zitoe volti 24, wakati gari la raia la aina hiyo lilitumia volti 12 tu. Nyaya za plagi zilikuwa zimevishwa mfuniko wa chuma ili cheche za injini zisikwaruze masikioni mwa askari anayesikiliza mawimbi. Kumbe gari lile liliundwa tangu kiwandani libebe redio ya jeshi! Mimi niliyekula mkate wa redio zaidi ya miaka ishirini sikuwahi kujua kwamba kuna gari la namna hiyo.

Hayo ndiyo yaliyonipa mazungumzo ya wiki hii. Lakini kwanza niwaeleze lililoileta Land Rover hiyo gerejini. Mwenyewe ni mkulima wa viazi huko milimani upande wa Makete, na aliinunua miaka mingi iliyopita kutoka kwa mtu aliyeipata mnadani. Hafshafti ilikuwa imekatika, yaani kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu kutoka kwenye difu hadi kwenye gurudumu. Alikuwa amekaa juu ya tairi bovu anangoja, na mfukoni mwake simu ilikuwa inalia kila baada ya muda. Aliyepiga alikuwa mtu wa kaskazini anayetaka kulinunua gari, alipambe, alipitishie watalii. Tangu Oktoba 2024, wenye Land Rover walipokusanyika Arusha kwa mamia kutafuta rekodi ya dunia ya msafara wa magari hayo, vigae vya zamani vimegeuka lulu. Mkulima wetu alikuwa hajaamua.

Ndugu msikilizaji, ili tuelewe anachotakiwa kukiuza, turudi nyuma kidogo.

Kabla ya magari, jeshi katika nchi hii lilitembea juu ya vichwa vya watu. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Northey wa Uingereza yaliyotokea Nyasaland yaliwasukuma Wajerumani kupitia Njombe, na Julai mwaka huo yakapigana nao Malangali, si mbali na hapa Makambako. Risasi, unga, chumvi, hata vipande vya mizinga vilibebwa na wapagazi. Maelfu kwa maelfu yao walikufa katika vita vile vya Afrika Mashariki, wengi si kwa risasi bali kwa njaa, kuhara na homa. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam linatokana na kikosi cha wapagazi hao. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba gari la jeshi ni chuma tu, mkumbushe lilichukua nafasi ya nani.

Gari lenyewe, babu wa hizi tunazoziona, lilizaliwa Marekani mwaka 1940. Jeshi la huko lilitaka gari dogo, jepesi, linalosukumwa na magurudumu yote manne. Likawaandikia watengenezaji 135 na kuwapa siku 49 tu za kuleta gari la mfano. Kampuni ndogo iliyoitwa Bantam, iliyokuwa karibu kufilisika, ikamkodi mhandisi Karl Probst, naye akachora michoro kwa muda wa siku mbili hivi. Septemba 23 gari likafika kwenye uwanja wa majaribio. Masharti ya jeshi yalitaka lisizidi kilo 590. Hayo yalikuwa ndoto za watu wa ofisini, kwani lilipokamilika lilizidi uzito huo kwa mbali. Bantam haikufaidi sana, kazi kubwa wakapewa Willys na Ford. Hadi vita vilipokwisha mwaka 1945 zilikuwa zimetengenezwa Jeep zipatazo 640,000.

Vita vikaisha, Jeep zikabaki zimetapakaa duniani. Moja iliangukia shamba la Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, katika kisiwa cha Anglesey. Aliitumia kuvuta magogo na kubebea vitu vya shamba, na alipojiuliza itakapochakaa atanunua nini badala yake, hakuona kitu. Hapo mwaka 1947 akaanza kutengeneza cha kwake. Gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep, na usukani waliuweka katikati kama wa trekta. Aprili 30, 1948 Land Rover ikaoneshwa rasmi kwenye maonesho ya Amsterdam. Umbali wa kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ulikuwa inchi 80, sawasawa na wa Jeep. Na hapa niwajibu wale walioniuliza miaka nenda rudi maana ya 109: ni inchi hizo hizo, takriban sentimeta 277. Ile fupi ni 88.

Uingereza ya mwaka 1948 ilikuwa nchi yenye njaa ya chuma. Chuma kilitolewa kwa kibali, na waliopewa zaidi ni wale waliouza bidhaa nje. Aluminiamu ya viwanda vya ndege, kwa upande mwingine, ilikuwepo. Basi bodi likafanywa kwa aluminiamu. Kwa kuwa hawakutaka gharama ya mitambo mikubwa ya kukunjia mabati, wakaliacha bapa, kona zake zimekunjwa kama za sanduku la shule. Chesisi wakaitengeneza kwa kukata vipande virefu vya bamba na kuviunga kwa kulehemu viwe boksi. Rangi ya kijani ya zile za kwanza inasimuliwa kuwa ilikuwa masalia ya rangi ya vyumba vya marubani.

Ona sasa, ndugu msikilizaji, namna umaskini ulivyochora gari. Bodi bapa fundi wa Makambako analinyoosha kwa nyundo na gogo. Aluminiamu haili kutu kama bati la chuma, ndiyo maana gari la miaka hamsini linaonekana zima. Nasema linaonekana, kwa sababu kutu hujificha ndani ya lile boksi la chesisi, na kwa ukungu na matope yetu ya Njombe huila kimyakimya hadi siku gari linapopinda mgongo barabarani. Fundi aligonga chesisi ya mkulima kwa spana huku ametega sikio, kama mama anayegonga chungu kabla ya kununua. Ilikuwa nzima upande mmoja, na upande wa pili mlio wake haukumpendeza.

Injini ya 109 nyingi zilizofika kwetu ni ya silinda nne, lita mbili na robo. Haina mbio. Ina sauti ya kinu na inapenda mafuta kuliko mlevi anavyopenda ulanzi. Siri iko kwenye viwiko vilivyosimama kando ya gia. Kile chenye kifundo cha njano ukikikandamiza, magurudumu ya mbele yanaungana na ya nyuma katika kusukuma. Chenye kifundo chekundu ukikivuta, unaingia gia za mzigo, gari linatambaa kama kobe lakini halirudi nyuma. Gia nne za kawaida mara mbili, hizo ni nane za kwenda mbele. Haipandi kila kitu, tusidanganyane. Difu zake hazifungi, kwa hiyo gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakiteleza kwa pamoja, unashuka na kutafuta jembe. Mvua inavuja juu ya magoti. Na hafshafti zake za nyuma zilikuwa ugonjwa wa ukoo, hasa katika zile za miaka ya 1950 na 1960.

Sasa jeshi linaingiaje? Kwanza liliingia kwa mguu wa nyuma. Jeshi la Uingereza lilianza kuzinunua mwaka 1949 kama gari la kusogezea siku, kwani lilikuwa linangoja gari lake maalumu la vita. Gari hilo, Austin Champ, likatoka kiwandani kuanzia miaka ya mwanzo ya 1950. Lilikuwa ajabu ya uhandisi: injini iliyobuniwa na Rolls-Royce, gia tano za kwenda mbele na tano za kurudi nyuma, na uwezo wa kupita majini likipumua kwa bomba. Lakini bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya Land Rover, lilikuwa zito, na likiharibika lilitaka mtu aliyelisomea. Mwaka 1956 jeshi likaamua kwamba gari lake la kawaida la daraja hilo litakuwa Land Rover, gari la mkulima. Miaka kumi baadaye Champ nyingi zilikuwa zimekwisha kuuzwa kwa raia.

Wakati huohuo hapa kwetu Tanganyika mambo yalijaribiwa kinyume, na yakashindwa. Kwenye mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza mwaka 1947, Waingereza walileta mitambo iliyobaki vitani, hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Udongo wa Kongwa ukavitafuna. Mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Kifaru hakikukubali kuwa jembe. Jembe lilikubali kuwa gari la vita bila manung'uniko.

Baada ya hapo jeshi likalikatakata kila namna. Mwaka 1968 ilitoka iliyoitwa nyepesi, ya kuning'inizwa chini ya helikopta. Iliweza kuvuliwa milango, paa na vinginevyo ili ipungue uzito. Kichekesho ni kwamba ukiirudishia vyote ilikuwa nzito kuliko 88 ya kawaida. Miaka ya 1970 ikaja nyingine ambayo dereva hukaa juu ya injini kama kwenye lori, ya kuvuta mizinga. Na kulikuwa na hii ya redio ambayo nimeieleza.

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, Land Rover ilikuwa tayari ndiyo sura ya serikali. Bwana Shamba, Bwana Afya, mkuu wa wilaya, padri, wote walishuka kutoka humo. Njombe, ambako Kampuni ya Miwati ilianza mwaka 1949, na ambako misheni zimekaa kila bonde, ngurumo yake watoto waliitambua kabla haijavuka mto. Tusiseme kwamba ilipendwa tu. Wazee waliokuwepo wakati wa Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970, watakuambia kwamba ngurumo hiyo ilimfanya mtu atazame paa la nyumba yake akijiuliza litakuwa pale hadi kesho. Gari lilikuwa lile lile lililoleta chanjo.

Jeshi la Wananchi liliundwa Septemba 1, 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka ule. Silaha nyingi zilitoka China, lakini Land Rover ikabaki kambini. Hata katika sherehe za taifa, kwa miaka mingi, Rais aliingia uwanjani akiwa amesimama kwenye gari la wazi la jeshi, akiwapungia watu.

Ikaja Oktoba 1978. Majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Nchi haikuwa na magari ya kutosha kwa vita vya umbali ule, hivyo magari ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa kupeleka askari na vyakula. Sehemu kubwa ya jeshi hata hivyo lilikwenda kwa miguu hadi Kampala, iliyoanguka Aprili 11, 1979. Na Land Rover zilikuwa pande zote mbili. Walibya waliokuja kumsaidia Amin walipokutana na vijana wetu Lukaya, Machi 1979, walikuwa nazo zilizofungwa bunduki kubwa za kupigia vifaru.

Fundi wetu alikuwa dereva katika vita hivyo. Sikumwuliza mengi, wala yeye si msemaji. Alinivuta nilale naye chini ya gari, kofia yangu ikaingia kwenye oili, akamulika tochi kwenye difu ya nyuma. Ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, imechakaa lakini inaonekana.

"Unajua hiyo ya nini?"

Sikujua.

"Usiku hatukuwasha taa. Kulikuwa na kitaa kidogo kimefichwa hapa, kinamulika hiyo nyeupe tu. Wewe wa nyuma unaona doa, unalifuata. Doa likisimama, simama. Doa likizama, ujue kuna shimo. Nimeendesha usiku mzima nikitazama doa."

Tukiwa bado tumelala pale nikamwuliza kuhusu hafshafti. Hapa, ndugu msikilizaji, naomba niwaambie jambo langu mwenyewe.

Mwaka 1989 nilikuwa na miaka tisa, kijijini kwetu upande wa Lupembe. Mama yangu mdogo alishikwa na uchungu usiku, mtoto akakataa kushuka. Zahanati moja ya karibu ilikuwa na Land Rover, 109 kama hii. Wanaume wakakimbia kuiita, wakarudi wakisema imekaa wiki ya tatu, hafshafti ya nyuma imekatika, spea imeagizwa Dar es Salaam. Miaka ile spea ilikuwa kama nyama ya sikukuu. Nchi ilikuwa imetoka vitani haina fedha za kigeni, na kila ofisi ilikuwa na magari juu ya mawe. Basi wakamfunga mama mdogo kwenye machela ya miti na blanketi, wakampokezana vilima vile hadi asubuhi. Yeye alipona. Mtoto hatukumleta nyumbani. Mimi nilibeba taa ya chemli mbele ya wabebaji, na kwa miaka yote nimeamini kwamba kilichotukwamisha usiku ule ni chuma kilichokuwa hakijafika kutoka Dar es Salaam.

Nikamsimulia fundi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Ilikatika hafshafti ya nyuma? Ya mbele nzima?"

Nikasema ndivyo nilivyosikia.

"Hii ukifungua bolti sita hapa kwenye kombe la gurudumu, inachomoka, gurudumu halitoki. Unaziba tundu kwa kitambaa mchanga usiingie. Halafu unakandamiza kifundo cha njano, unaondoka kwa miguu ya mbele. Mlima mkali unavuta chekundu. Sisi tulifundishwa wiki ya kwanza kambini. Mimi nimetembea hivyo siku mbili, na mzigo."

"Kwa hiyo lile gari lingekwenda, mzee?"

"Lingekwenda, mwanangu. Kama dereva angejua."

Simlaumu dereva yule. Alikabidhiwa ufunguo na kitabu cha safari. Kitabu cha gari chenyewe, kama kilikuwepo, kilikuwa cha Kiingereza, kabatini kwa mkubwa. Ninachosema ni kwamba tulipolipokea gari lile kutoka kwa jeshi na kwa wafadhili tulipokea chuma. Uzuri wake hasa, yaani kwamba mtu mmoja mwenye spana anaweza kulifungua, kulielewa na kulifikisha, tuliuacha kambini. Jeshi lilimfundisha kila dereva kulala chini ya gari lake. Sisi raia tulimfundisha dereva kulifuta vumbi.

Hatukukosa watu waliolitambua hilo. Kibaha, chini ya Jeshi hilohilo, katika miaka ya 1980 lilianzishwa Shirika la Nyumbu ili gari libuniwe na kuundwa na mikono ya hapa nyumbani. Magari yakaundwa kweli. Uzalishaji mkubwa haukufuata, fedha zikawa finyu, ingawa shirika lipo hadi leo. Wakenya nao waliziunganisha Land Rover huko Thika kuanzia miaka ya 1970, kwa vipande kutoka Uingereza. Kuunganisha na kubuni ni vitu viwili tofauti, lakini angalau fundi wa Thika aliona ndani ya tumbo lake.

Nafasi ya Land Rover ikachukuliwa na Mjapani. Toyota nayo ilianza mwaka 1951 kwa kuiga umbo la Jeep, na jina la Land Cruiser ikalichukua mwaka 1954. Gari zuri, injini ya subira, na spea zake zilifika dukani. Leo ukiona msafara wa serikali ukipita Makambako kwenda Songea, kwenye lami ile iliyojengwa kwa msaada wa Waingereza miaka ya 1980, Land Rover utaihesabu kwa kidole kimoja, kama ipo. Lami imeisukuma milimani. Na sasa lami na zege zinaifuata huko huko, Makete na Ludewa, nami nashukuru, maana machela naijua.

Januari 29, 2016 kiwanda cha Solihull kilitoa ya mwisho ya ukoo ule, baada ya magari zaidi ya milioni mbili. Mrithi wa jina lake anatengenezwa Slovakia. Ana kompyuta kila kona, na chesisi ya boksi hana tena. Nimeliona moja Dar es Salaam, limeng'aa. Fundi wetu analifahamu kwa picha tu. Alisema akiletewa ataliosha.

Mvua ikapungua. Hafshafti mpya, iliyotoka kwenye gari lililokufa huko Ilembula, ikaingia, bolti sita zikakazwa, magogo yakaondolewa. Mkulima akalipa nusu, nusu akaahidi kwa viazi, akaniambia nipande anifikishe Njombe. Kabla hajaondoka fundi alimwita kijana wake wa gereji pamoja na mkulima, akawalaza chini wote wawili, akawaonesha bolti zile na jinsi ya kuziba tundu. Mkulima akasema gari amekaa nalo miaka kumi na minne na hakuwa amejua hilo.

Tukapanda. Matone yalinipata goti la kushoto, palepale vitabu vinaposema. Tulipokuwa tunapandisha simu yake ikalia tena, nikaona kwenye kioo kwamba ni yule mtu wa kaskazini. Kwa ngurumo ile mtu hawezi kuzungumza kwa simu. Nikamwuliza kwa kupiga kelele ameamua nini. Akanijibu kwa kupiga kelele kwamba bei ni nzuri, inatosha kununua pikipiki ya matairi matatu na kumsomesha binti, lakini huko kwao toka Novemba hadi Mei pikipiki haipiti, na wiki iliyopita tu alipeleka wajawazito wawili. Kisha akabadilisha gia, akaniomba nishike mlango wa upande wangu kwa sababu haufungi vizuri, na simu ikaendelea kulia juu ya dashibodi.